Mzee Mabega na Abiria Asiyelowa

Boti haifiki pale kisiwani. Tuanzie hapo, kwa sababu wewe uliyezoea kushuka kwenye gari kiatu kiking'aa unadhani kila safari inaishia mlangoni. Boti inakuja vizuri, injini inakohoa, abiria wameshikilia vifurushi na matumbo yao, halafu inafika kwenye mwamba uliokizunguka kisiwa kama ufizi, na inasimama hapo hapo. Mbele yake kuna maji ya magotini, pengine ya kiunoni, na katikati kuna mkondo ambao mtu mfupi akiukanyaga vibaya tunamsahau. Ufuko unauona. Unawaona hata kuku wanaochakura juu yake. Lakini kuufikia, ndugu yangu, sharti upande mtu.

Mtu mwenyewe ndiye Mzee Mabega.

Jina alilopewa na wazazi lilishapotea siku nyingi, na ukimwita kwa jina hilo atageuka kuangalia ni nani mwingine anayeitwa. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, shingo nene, miguu myembamba iliyopauka kwa chumvi mpaka magotini, kama mtu aliyevaa soksi za chokaa. Kazi yake ilikuwa moja tangu ujana: anaingia majini, anasimama ubavuni mwa boti, anainamisha kichwa, abiria anakaa mabegani, na safari inaanza. Masharti yalikuwa machache. "Shika paji la uso, usinizibe macho. Usigeuke kuangalia mizigo yako, haina miguu. Na kama unampenda Mungu, usijikune."

Alikuwa na maringo, tena ya haki. Alikuwa akisema, "Mimi sibebi watu, nabeba soksi zao." Na kweli, kila aliyeshuka mabegani mwake alishuka mkavu, hadi ukucha. Mke wa mwenye duka, ambaye mlango wa duka lenyewe ilibidi upanuliwe kwa ajili yake, aliwahi kumuuliza katikati ya maji, "Mzee, lakini mimi si mzito?"

"Wewe si mzito hata kidogo, mama," akajibu huku meno yameumana. "Leo mchanga ndio umelainika."

Sasa, wabebaji wana sheria yao, na haikuandikwa popote. Mbebaji akimwangusha mtu mara moja tu, kazi imekwisha. Hakuna kikao, hakuna kugombana. Watu hawapandi tena, basi. Kabla ya Mabega kazi ilikuwa ya mjomba wake, mwanamume wa miraba minne, mpaka siku alipojikwaa na mwalimu mgeni akatumbukia na miwani yake. Kesho yake mjomba aliingia majini kama kawaida, akainamisha kichwa. Abiria wote wakaanza kutafuta kitu ndani ya mifuko yao. Mjomba akasimama pale kichwa kimeinama mpaka boti ikaondoka, na toka siku hiyo alikuwa akishona nyavu.

Kwa hiyo Mabega hakuwahi kuangusha. Hata siku ambayo angesamehewa.

Siku hiyo nitaisema haraka, maana hainogi. Mkewe alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili, mkunga akahangaika mpaka jasho likamkauka, akasema huyu apelekwe ng'ambo, hospitali. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imesimama mbali kabisa kwenye ukingo wa mwamba. Mabega akambeba kwa mikono miwili, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Akatembea. Njiani mkewe alikuwa akimwambia, "Taratibu, baba watoto," halafu akanyamaza, na Mabega akafurahi kwamba amepata nafuu. Alipofika, nahodha akanyoosha mikono ampokee, akamtazama mgonjwa, akairudisha mikono yake. Mwanamke alifika mkavu. Hata pindo la nguo halikuwa na tone. Alikuwa ameshakufa.

Binti wa kwanza ndiye aliyebaki, na Mabega alimlea mwenyewe, akamsuka hata nywele kwa vidole vile vilivyochubuka, mistari ikienda upande kama mitaro. Binti akakua, akaolewa na fundi seremala wa pale pale, na wakati wa habari hii tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele. Mkunga yule yule, sasa amezeeka, alimpapasa, akamtazama kiuno, kisha akamwita Mabega nje ya nyumba.

"Ana maumbile ya mama yake," akasema.

Mabega hakumuuliza anamaanisha nini.

Ndipo ikaja habari ya gati. Wakubwa wa ng'ambo walikuwa wamepata uwezo wa kujenga gati moja, la zege, la kupita mpaka nje ya mwamba ili boti ifunge kamba pale na mtu ashuke kwa miguu yake. Moja tu. Na visiwa vyenye shida vilikuwa viwili: hiki chetu, na jirani yake kule kusini. Mhandisi angepita kwa boti kukagua vyote viwili, aone wapi kushuka ni kugumu zaidi. Habari zikafika kwamba kule kusini walishampokea, na walimpokea kwa akili: walimmwaga majini mara mbili.

Mwenyekiti wa kisiwa akaita watu chumba cha nyuma ya duka, katikati ya magunia na madumu ya mafuta ya taa. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini siku hiyo alifupisha.

"Mzee Mabega, huyo mgeni atakukalia wewe. Mmwage."

"Mimi?"

"Wewe. Pale mkondoni. Anywe maji kidogo, alowe karatasi zake, apoteze kiatu. Usimuue, tunamhitaji."

Watu wakacheka. Mabega hakucheka. "Nikimwangusha nani atanipanda tena?"

Mwenye duka akadakia kutoka juu ya gunia. "Gati likijengwa nani atakupanda, babu? Kazi inakufa kwa vyovyote. Afadhali ife imetuachia kitu."

"Na sisi tutajua ulifanya makusudi," mwenyekiti akaongeza. "Hayo ya sheria ni kwa anayejikwaa. Hapa ni shauri letu sote."

Wote wakaitikia, wakamgonga mgongoni, wakamwahidi mbingu na nchi. Lakini aliyemkata maini ni bintiye. Alimkuta jikoni ameketi kwenye kibao, mikono juu ya tumbo, sufuria inachemka bila kuangaliwa.

"Baba, utammwaga?"

"Nimesema nitammwaga."

"Usiseme umesema. Niangalie." Akamwangalia. "Mimi sitaki kufika mkavu kama mama. Nataka kufika mzima."

"Nitammwaga, mama," akasema, na alisema kweli. Siku zile mbili tatu za kumsubiri mgeni alikuwa akitembea uani peke yake akijifunza kukunja goti la kushoto, kama mtu anayejifunza kucheza ngoma uzeeni.

Mhandisi akaja asubuhi, bahari imetulia, hata hiyo ilikuwa kama njama. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, kipara kimeanza kubisha hodi, begi la karatasi limefungwa kifuani. Mabega akasogea ubavuni mwa boti, akainamisha kichwa. Ufukoni watu wamepangana, mwenyekiti mbele, wanajifanya wanaanika samaki.

Mgeni akakaa. Alikuwa mwepesi. Wakapita maji ya magotini, wakapita ya kiunoni. Wakafika mkondoni, na Mabega akaanza kulilegeza lile goti.

"Mzee," sauti ikatoka juu, ndogo. "Mzee, mimi sijui kuogelea."

"Si tulisikia kule kusini..."

"Kule nilikunywa maji nikadhani nakufa. Sijamwambia mtu." Na mikono yake ikamshika Mabega paji la uso, kwa viganja vyote viwili, vimelowa jasho la baridi. Ndivyo bintiye alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo, walipokwenda kuangalia boti.

Goti likakataa. Nakuapia, mtu alikuwa ameamua, kichwa kimekubali, moyo umepigwa konde, lakini mwili uliokuwa umefanya jambo moja maisha yote haukuulizwa, nao ukafanya lile lile. Unyayo ukatafuta jiwe, ukalipata. Mwingine ukafuata. Mabega akaisikia ile raha yake ya zamani ikipanda kutoka visiginoni, akajichukia, na bado hakukosea hatua. Akamtua mgeni mchangani kama anatua yai.

Mhandisi akajitazama kiatu. Akagusa soksi. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Mkavu! Jamani, kule nililowa mpaka kwenye mbavu. Hapa nimekuja kama nimekaa kwenye kiti!"

Mwenyekiti akatabasamu kwa meno tu. Nyuma yake mwenye duka akatema mate mchangani.

Kilichofuata kilikuwa ni kuzunguka. Mgeni alitaka kuona kila kitu, na Mabega ndiye aliyeagizwa amzungushe, labda kama adhabu. Wakapita kwenye njia nyembamba kati ya nyumba, ambapo ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule na ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Wakaona karakana ya mkwewe, boti mbili zimelala kifudifudi, mkwe mwenyewe akaendelea kupiga randa bila kusalimia vizuri. Wakaona shule, madarasa mawili, paa moja limezibwa kwa tanga kuukuu. Wakaona zahanati: kitanda cha chuma, kabati lenye kufuli lakini halina kitu, na mkunga ameketi mlangoni anapepea nzi. Mgeni alikuwa akiuliza maswali mazuri. Aliuliza wagonjwa wanasafiri vipi.

"Nawabeba mimi," Mabega akasema.

"Na wote wanafika?"

Hapo ndipo pa kusema. Mkunga alimtazama Mabega, akasubiri. Mabega akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile alichokuwa akijibu kila mgeni kwa miaka yote. "Sijawahi kumwangusha mtu."

Mkunga akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alasiri mgeni akapanda peke yake kilimani, mahali pekee simu inaposhika, akarudi amechangamka, akaenda kulala kwa mwenyekiti. Mabega akaenda kwa bintiye, na huko hakupewa hata kigoda. Mkwe alikuwa amesimama dirishani.

"Alishika kichwa changu," Mabega akaeleza. "Hajui kuogelea."

"Kwa hiyo umemwonea huruma mhandisi," binti akasema.

"Siyo huruma..."

"Ni nini basi? Ni sifa. Ulitaka ushushe mtu mkavu mbele ya watu, hata leo. Baba, wewe unapenda zaidi soksi za watu."

Mkwe akakohoa. "Mke wangu, basi."

"Sijamaliza. Kesho anaondoka. Atakukalia tena kwenda botini. Hujachelewa."

Mabega akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi upepo ulikuwa umebadilika, maji yanachafuka. Mhandisi akakaa mabegani bila hofu safari hii, anazungumza, anasifu kisiwa, anasema ana watoto wawili. Mikono yake ilimshika Mabega kichwani kwa ulegevu, kama mtu anayemwamini farasi. Wakafika mkondoni. Mabega akafumba macho, kwa sababu alihisi macho yakiwa wazi hataweza, na akalikunja goti.

Ilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Mgeni alizama mzima mzima, akaibuka, akazama tena, mkono mmoja unaipiga hewa. Mabega akamdaka shati, akamnyanyua, akamsukuma mpaka botini, nahodha akamvuta kama gunia. Begi lilikuwa limeshachukuliwa na maji. Mhandisi alitapika chumvi, akatetemeka, akafungwa turubai mabegani. Ufukoni ikasikika sauti moja ikishangilia, ikanyamazishwa.

Mabega akashika ukingo wa boti, akasubiri matusi. Aliyataka matusi. Yangekuwa na faida.

Mhandisi akamtazama kwa macho mekundu, akamwekea mkono kichwani. "Pole, mzee wangu. Pole sana. Umechoka."

"Hapa ni pabaya," Mabega akasema. "Umeona mwenyewe palivyo pabaya. Kaseme hivyo."

"Si mahali, mzee. Jana umenipitisha hapa hapa, sikulowa hata kamba ya kiatu. Ni umri. Baba yangu naye magoti yalimwacha hivi hivi." Akakohoa tena. "Na nilishapiga simu jana. Nilishawaambia gati liende kusini, huku mna njia nzuri. Lakini usijali. Nitawaombea wawaletee msaada."

Nahodha akawasha injini. Mabega akabaki amesimama, maji ya kifuani, mikono bado imeinuliwa kama ameshika kitu.

Msaada ukaja kweli, sitaki kumsingizia mtu. Uliletwa na boti ya mizigo: maboya ya kuvaa kifuani, rangi ya machungwa, na maagizo ya mdomo kupitia kwa nahodha kwamba mzee apumzike, kijana mwenye nguvu achukue kazi. Wanawake wakayatumia maboya kukalia jikoni. Kule kusini wakaanza kumwaga zege. Siku za upepo wa upande ule sauti ya mashine ilifika.

Na zile ahadi za chumba cha nyuma ya duka? Mabega aliingia majini boti iliyofuata, akainamisha kichwa. Mke wa mwenye duka alikuwa mbele. Akamtazama Mabega, akakumbuka kwamba amesahau kitu, akainama kukitafuta. Mwenyekiti naye alikuwamo, yeye mwenyewe aliyesema ni shauri letu sote. Akasema kwa aibu, "Si kwamba sikuamini, mzee. Ni mgongo wangu unauma, nitashuka polepole mwenyewe." Akashuka, akalowa mpaka kwapani. Watu walijua alifanya makusudi. Walijua vizuri sana. Lakini kila aliyetaka kupanda aliona ule mkono wa mhandisi ukiipiga hewa, na miguu ikagoma, kama goti la Mabega lilivyogoma siku ya kwanza.

Uchungu ukamshika bintiye mchana wa jua kali, kabla ya wakati, na maji yamekupwa. Mkunga alitoka chumbani akiwa na uso ule ule wa zamani. Boti ilikuwepo nje ya mwamba, bahati hiyo walau. Mabega akaja mbio, ameshakunja suruali, akanyoosha mikono.

Mkwe akasimama mlangoni. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kusema vile kulimtoa machozi. "Baba mkwe, nisamehe. Leo si wewe."

"Ni mwanangu."

"Ni mke wangu."

Mabega akatazama ndani. Binti alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, nywele zimemganda usoni. Alisikia kila neno, na angeweza kusema moja likatosha. Akageuza uso ukutani.

Basi wakamweka juu ya mlango uliong'olewa karakanani, vijana wanne, na Mabega akatangulia mbele yao akipapasa kwa nyayo na kupaza sauti. "Kushoto. Jiwe hapo. Subirini. Hapa shimo, hapa shimo!" Walikuwa na nguvu, hawakuwa na miguu iliyoijua njia. Mkondoni mmoja akateleza, mlango ukainama, na binti akaingia majini mpaka shingoni akipiga kelele ambayo ufukoni waliisikia hata waliokuwa ndani. Wakamwinua. Wakapoteza muda wa kumtuliza, wakapoteza mwingine wa kumrudisha juu ya mlango, na boti ikaondoka jua limeshaanza kuinama.

Alirudi baada ya wiki. Mzima, kama alivyotaka. Mtoto alikuwa wa kiume, na alizikwa kule ng'ambo. Daktari alisema walichelewa. Hakusema kwa kiasi gani, na hakuna aliyetaka kuuliza.

Boti iliposimama nje ya mwamba, wale vijana wanne wakaingia majini, mkwe wa Mabega mbele yao. Mabega alibaki ufukoni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameshika tama. Binti akasimama ubavuni mwa boti, akasema jambo na mumewe. Mume akageuka, akaita kwa mkono.

Mabega akaenda. Akafika, akanyoosha mikono miwili, na bintiye akajilaza humo, mwepesi kuliko alivyotazamia, harufu ya dawa za hospitali mwilini. Wakaanza kurudi. Walipoufikia mkondo, unyayo wake ukatafuta jiwe, ukalipata.

"Baba."

"Naam, mama."

"Ungemmwaga siku ile ya kwanza."

"Alinishika kichwa," Mabega akasema. "Nilidhani ni wewe."

Binti akafumba macho. Hakumwambia amshushe. Mabega akaendelea kutembea, akimwinua juu zaidi kila maji yalipopanda, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka, na ufuko bado ulikuwa mbali.